Udi Uliolala Darini

Mastura amechoka. Naanzia hapo kwa sababu ndipo anapoanzia yeye kila siku. Wenzake huamka, yeye huamka amechoka. Chumba chake na changu hapa Ngamiani vinatenganishwa na ukuta mwembamba mno, mimi nikiota ndoto yeye ndiye anayegutuka. Kwa hiyo nayajua mambo yake kuliko anavyopenda.

Kazi yake ni kusafisha viyoyozi vya majumbani, na hasa njia za upepo, yale mabomba ya bati yanayopita juu ya dari katika nyumba za wenye nafasi. Watu huona kiyoyozi kinapuliza baridi wakadhani baridi hiyo imetoka peponi. Hawajui imepita wapi. Mastura anajua, maana ameingia humo kichwa na mabega. Vumbi la barabara limo, poda ya bibi harusi imo, manyoya ya paka aliyekufa zamani yamo, na mabawa ya mende yamepangana kama vigae. Mara moja, nyumba fulani kule Pangani, alitoa vumbi jingi hata tukapanda muhogo juu yake, na muhogo ukaota. Ulikuwa mchungu kidogo.

Kazi hii hakuzaliwa nayo. Ilikuwa ya mumewe, Rahimu, fundi wa friji na viyoyozi, mtu wa maneno mengi na mikono mepesi. Mastura alikuwa akimshikia ngazi na kumwoshea machujio. Siku moja Rahimu alianguka kutoka juu ya paa la nyumba ya wageni. Alianguka kutoka mbali sana, akapata nafasi ya kutoa shahada na kukumbuka kwamba chai ameiacha motoni. Hakufa, lakini mgongo ulikataa kazi. Tangu hapo yeye hukaa barazani akitengeneza redio za watu, na mkoba wa vyombo ukahamia begani kwa mkewe.

Mwanzo watu walicheka. Mwanamke na ngazi! Kisha wenye nyumba, yaani wanawake wenyewe, wakagundua jambo. Akija fundi mwanamume, lazima ujitande, uhamishe nguo kitandani, ufiche hiki na kile, na kazi ikicheleweshwa unabanika jikoni kama samaki. Akija Mastura, mama wa nyumba anaendelea kula boga lake, miguu juu. Basi wakawa wanamwita yeye. Wanaume wakabakiwa na mitambo ya nje, Mastura akaachiwa vyumba vya kulala na giza la darini.

Na ndiyo hiyo imemmaliza. Bega la kulia halipandi tena vizuri. Akipumua unasikia kama mtu anaburura jamvi sakafuni. Joto la kaskazi likifika kila mtu anakumbuka kiyoyozi chake siku ile ile, na yeye ni mmoja.

Sasa niwapeleke Raskazone, kwa Bi Ghanima, mjane wa Bwana Turki. Ghanima mimi ndiye somo yake. Nilimfunda kabla hajaolewa, nikamfikisha mlangoni kwa mumewe, kwa hiyo mumewe alipokufa ilikuwa haki yangu kwenda kukaa naye eda. Nyumba ile ni kubwa. Adhana ya alasiri ikiingia mlango wa mbele hutoka wa nyuma wakati wa magharibi. Bwana Turki aliijenga kwa kupenda baridi. Mtambo mmoja mkubwa uko nje, mabomba yamepita darini, kila chumba kina kidirisha cha wavu juu kinachopuliza, na ukumbini, chini karibu na sakafu, kuna mdomo mkubwa unaovuta hewa kuirudisha mtamboni.

Eda yetu mnaijua. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hapaki wanja, hajitii manukato wala hajifukizi udi, na wanaume wasio maharimu zake hawamwoni. Siku ya mwisho mawifi huja. Humwosha, humvisha nguo mpya, humtoa mbele ya wanawake wenzake. Mjane aliyetolewa na mawifi ametoka kwa heshima. Asiyetolewa nao hubaki mdomoni mwa watu mpaka azikwe, na hata hapo kaburini watu huendelea.

Ghanima alifuata kila kitu. Siku ile ile ya msiba alikitoa chetezo chake cha udi akanikabidhi mimi, nikakipeleka kwangu kikawa cha kuwekea vitunguu. Hata sabuni alichagua ile ya kufulia.

Basi Ijumaa moja akaja Wijdan, dada wa marehemu, pamoja na wanawake wengine, kusoma Yasini. Walipokaa tu, Wijdan akainua pua. Ana pua nzuri ya kwao, ndefu, na anajua kuitumia.

"Wifi," akasema, "nini hicho kinanukia?"

"Mimi sisikii kitu," Ghanima akasema, na uso ukamshuka, maana alikuwa anasikia.

"Husikii? Udi huu! Tena ule wa kaka yangu, udi mzuri. Eda haijafika hata nusu, unamfukizia nani?"

"Wijdan, Mungu ananiona. Chetezo hata hakimo nyumbani."

"Chetezo chake mimi natilia vitunguu," nikasema. "Njoo kwangu ukinuse."

"Wewe bibi nyamaza, wewe na uongo wako mmezaliwa pacha." Akainuka, akafungua kabati, akainama chini ya kitanda, akanusa mito. Hakuona kitu. Hilo likamzidishia hasira, maana mtu akikosa ushahidi hupata uhakika. Akasimama mlangoni mbele ya wanawake wote. "Ijumaa ijayo narudi. Nikiisikia tena harufu hii humu ndani, wifi, mimi kukutoa eda siji, na ndugu zangu hawaji. Utatoka mwenyewe, kama kuku aliyesahauliwa tenga wazi."

Yasini siku ile ilisomwa haraka kuliko nilivyopata kusikia.

Walipoondoka, Ghanima akalia. Akasema, "Somo, harufu naisikia kweli. Kila alasiri naisikia, saa zile alizokuwa anarudi. Nilidhani ni mimi, kichwa kimeniruka. Nikawa nanyamaza kwa sababu…" Sikumuuliza, nilijua. Harufu ile ilikuwa inampoza.

Nikaanza kuzunguka chumba baada ya chumba, mkongojo wangu mbele. Nikasimama chini ya kile kidirisha cha wavu, upepo ukanipiga utosini, na mtandio wangu ukanukia kama naolewa upya. Nikasema, kumbe! Mwizi yuko darini. Tukazima mtambo. Ikawa afadhali ya jana. Dari likapata joto, harufu ikashuka nzito, ikakaa hapo kama mgeni asiyeambiwa karibu. Tukafungua madirisha yasiyotazama njia. Wapi.

Fundi alihitajika. Lakini mafundi wote wa mabomba yale ni wanaume isipokuwa mmoja, na bomba linapita chumbani kwa mjane mpaka juu ya kitanda chake. Nikapanda bodaboda, mimi na miaka yangu, nikarudi Ngamiani.

Nilimkuta Mastura uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, macho kayafumba.

"Shikamoo bibi," akasema bila kuyafumbua.

"Marahaba mwanangu. Vaa viatu."

"Sivai. Bibi, leo hata ukiniambia Ngamiani inaungua nitaungua nimekaa. Bega hili limekufa. Juma hili sipandi ngazi ya mtu."

Rahimu akaingilia kutoka barazani, "Mwache mke wangu apumzike! Mimi mwenyewe sijamwona tangu mfungo."

"Wewe Rahimu tengeneza redio," nikasema. "Angalau redio ikianguka haivunjiki mgongo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Mastura hakucheka. Nikakaa chini, nikamweleza yote, Wijdan, pua, Yasini, tishio la kutotolewa eda. Nilipofika pale nilidhani nitamwongezea chumvi kidogo, nikaona haihitaji. Mastura akabaki anautazama mguu wake ndani ya maji.

"Mamangu hakutolewa eda," akasema mwishowe. "Mawifi walinuna kwa sababu ya shamba la minazi Kigombe. Watu mpaka leo wakimtaja wanaanza na hilo. Hawasemi alikuwa anasuka vizuri. Hawasemi chochote kingine." Akatoa miguu majini, mmoja, kisha wa pili, polepole kama anavuta ndoo kisimani. "Kesho asubuhi. Lakini ngazi utanishikia wewe."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya ufundi uzeeni.

Asubuhi alifika na mkokoteni, mashine yake ya kuvuta vumbi juu yake, brashi ndefu zimefungwa kwa kamba, nailoni, utepe wa gundi, matambara. Akakata umeme wa mtambo. Akafunika kila kiti na kila kitanda. Akaziba vidirisha vyote kwa nailoni isipokuwa kimoja, ili mashine ikivuta ivute kwa njia moja, vumbi lisitawanyike nyumba nzima. Akaitia mashine kinywani mwa ule mdomo mkubwa wa ukumbini, kisha akapanda ngazi na kuingiza brashi kwa mbali. Mimi nimeshika ngazi chini. Nawaambieni, mashine ile iliponguruma, chupa za samli jikoni zilipiga magoti.

Vumbi lilitoka la kawaida kwanza, la kijivu. Lakini brashi ikawa inarudi nyeusi, inanata, nywele zake zimeshikana. Mastura akazima mashine. Akashuka, kila daraja akipumua. Akaenda mpaka kwenye ule mdomo mkubwa, akaufungua wavu wake, akalala chini kifudifudi na tochi. Alikaa hivyo muda, nikadhani kasinzia. Pengine alisinzia kweli.

"Bi Ghanima," akaita kutoka humo humo. "Chetezo ulikuwa unakiweka wapi?"

Ghanima akaja, kanga nyeusi kichwani. Akanyoosha kidole. Hapo. Sakafuni, chini ya mdomo wenyewe.

"Kila usiku wa kuamkia Ijumaa," akasema. "Niligundua mwenyewe, tulipohamia. Ukikiweka hapo huna haja ya kuzunguka na moshi chumba kwa chumba. Mdomo unauvuta, dakika mbili nyumba nzima inanukia. Turki alikuwa anaingia, anasimama katikati ya ukumbi, anasema, nyumba yangu inapumua." Akatabasamu, kisha akaelewa. Niliona jinsi alivyoelewa. "Yarabi. Umo humo wote?"

"Wote. Umeganda kama masizi ya chungu. Miaka yote ya ndoa yenu, Bi Ghanima, imelala humu darini."

"Na mimi nimekuwa navunja eda bila kujua?"

"Mungu hamwandikii mtu dhambi za dari," nikasema. Sikuwa na uhakika, lakini nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, ndiyo kazi ya somo.

Mastura akasema, "Hii haitoki kwa brashi. Ni maji ya moto, sabuni na matambara, kipande kwa kipande, kwa mkono. Nitafungua mabomba kwenye maungio."

Akapanda. Akafungua la kwanza, juu ya chumba cha kulala, akaingiza mkono wenye tambara. Harufu iliyoshuka hapo, jamani, nyuki walitoka Muheza kuja kuangalia. Ghanima alikaa ukingoni mwa kitanda kilichofunikwa nailoni, mikono mapajani, akavuta pumzi. Mara ghafla akasema:

"Mastura. Ngoja."

Mastura akasimamisha mkono.

"Ukiutoa wote, humu kitabaki nini?"

Nguo zake marehemu zilikwisha gawiwa. Viatu vilikwenda msikitini. Kitanda kilibadilishwa shuka siku ya tatu.

Mastura yuko juu, mkono mbovu umeshikilia bati, jasho linamtoka kidevuni likidondokea miwani yangu. "Bi Ghanima," akasema, si kwa ukali, kwa uchovu tu, "bega langu linashuka lenyewe. Niambie nisafishe au niambie nishuke. Yote mawili nitafanya. Ila Ijumaa iko hapo mlangoni, na wifi yako pua anayo."

Ghanima akautazama wavu wa kidirisha uliofunguliwa, uko sakafuni, mweusi.

"Safisha," akasema. Akatoka chumbani.

Siku hiyo na iliyofuata Mastura alikuwa ndani ya mabomba. Ndoo baada ya ndoo tulimwaga maji meusi nyuma ya nyumba. Alishuka kula na kuswali tu, na mara moja alishuka akasahau kwa nini ameshuka, akasimama ukumbini na tambara mkononi, akaniuliza, "Bibi, napanda au nashuka?" Nikamwambia anapanda. Akapanda. Haki ya Mungu, wakati mwingine nilimwonea huruma nikatamani ngazi iwe fupi.

Bomba la mwisho lilikuwa lile la kuanzia mdomo mkubwa, ndimo masizi yalimokuwa mazito. Hapo hakupiga tambara kwanza. Alichukua kisu kisicho makali, akakwangua, akakusanya chembe nyeusi kiganjani. Akaniomba kopo. Nikampa la majani ya chai. Akajaza, akafunika, akazungusha utepe wake wa gundi mara nyingi, mpaka kopo likawa kama mtu aliyefungwa bandeji. Akanusa pembeni. Hakuna kilichotoka. Akaenda kumpa Ghanima mlangoni kwa jikoni.

"Ukimaliza eda," akamwambia. "Si kabla."

Ghanima akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kabatini nyuma ya unga, akageukia ukuta.

Mastura alirudi nyumbani jioni ile, mimi nyuma yake, ananukia kuliko bibi harusi wa Kiarabu. Udi ulikuwa kwenye nywele, kwenye ovaroli, kwenye kucha. Njia nzima ya Ngamiani watu wakawa wanageuka. Mmoja akasema, "Mastura! Leo unakwenda kwa nani?" Mwingine akajibu, "Anatoka kwa nani, sema." Yeye anasukuma mkokoteni tu. Rahimu alipomwona akaacha redio ya watu imefunguliwa matumbo, akasimama na mgongo wake mbovu.

"Mke wangu! Kumbe umenikumbuka!"

"Nimekumbuka mto," Mastura akasema. Akaingia, akalala na viatu. Usiku ule nililala kwangu, nikamsikia kupitia ukuta, anakoroma kama mashine yake, na Rahimu anamvua kiatu kimoja kimoja, anamwambia pole. Ukuta ule una faida zake.

Ijumaa ikafika. Mastura alikuwa na kazi ya kumalizia kule, kurudisha chujio jipya na kuwasha mtambo, kwa hiyo wanawake walipoingia walimkuta ameketi pembeni ya mkeka, ukutani, chini ya kidirisha kinachopuliza. Wijdan hakusalimia vizuri. Alivua viatu akaanza. Alinusa mapazia. Alinusa ukumbi, akanusa chumba cha kulala, akapanda juu ya kiti na kunusa wavu wenyewe, kama paka juu ya kapu la dagaa. Wanawake wote wakimfuata kwa macho. Ghanima amekaa wima.

Hakikusikika kitu. Upepo ulitoka baridi, mtupu, kama maji yasiyo chumvi wala sukari.

Mimi nilikwisha tayarisha maneno. Nilikuwa na sentensi tatu za kumkata Wijdan vipande, nimezifanyia mazoezi tangu juzi. Nikafumbua kinywa. Lakini Wijdan alikuwa bado juu ya kiti, mkono kwenye wavu, hashuki. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Hayumo," akasema. "Kaka yangu hayumo tena." Akashuka, akakaa pale pale chini, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. "Ijumaa ile niliingia nikamsikia. Niliingia nikamsikia Turki, na nikakuona wewe umekaa naye, na mimi sina. Ndiyo maana nilisema yale."

Zile sentensi zangu tatu nikazimeza. Hazikuwa tamu.

Ghanima akainuka. Akaenda jikoni, tukasikia kabati linafunguliwa, akarudi na kopo la majani ya chai lililofungwa bandeji. Akaliweka mapajani kwa wifi yake.

"Yumo humu," akasema. "Usilifungue hapa. Lifungue kwako. Mimi sina ruhusa bado, wewe unayo."

Wijdan akalitazama kopo, hajaelewa. Ikabidi nimweleze mimi, habari ya chetezo na mdomo unaovuta, na namna Mastura alivyokwangua. Niliongeza nyuki wa Muheza. Akalikumbatia kopo kifuani.

"Nusu nitakurudishia," akamwambia Ghanima.

"Nirudishie siku ya kunitoa."

"Siku ya kukutoa," Wijdan akasema, akafuta pua kwa ncha ya buibui. "Nitakuja alfajiri. Nguo utavaa niliyoshona mimi, usije ukanichagulia rangi."

Kisha akageuka amshukuru fundi. Sote tukageuka. Mastura alikuwa amelala. Ameegemea ukuta, kinywa wazi kidogo, upepo wa kidirisha unamchezea ushungi, lile bega bovu limeinama upande. Mashine kubwa huko nje ilikuwa inanguruma taratibu na yeye alikuwa anaijibu.

"Tumwamshe?" mwanamke mmoja akauliza. "Yasini inaanza."

"Atakayemwamsha," nikasema, "ataishika ngazi yeye."

Ghanima akavua kanga yake ya juu, ile nyeusi, akamfunika miguu. Tukasoma kwa sauti ya chini. Mimi sikusomea shule, Yasini naijua kwa moyo, na siku ile niliisoma polepole makusudi, nikarudia hata aya nilizokwisha kusoma, ili isiishe upesi.